Fundi Niliyesema Simjui

Laptop yangu ya kwanza niliinunua mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nikiwa bado nakaa chumba kimoja nyuma ya soko mjini Kitui. Ilikuwa nene na nzito, na nilipoibeba begani kutoka dukani hadi nyumbani nilijiona mtu aliyefika. Miaka ikaenda. Nikaoa, nikahamia nyumba yenye sebule, nikapandishwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu, na laptop ikabaki ile ile. Bawaba ya kushoto ilivunjika nikaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Betri ilikufa, ikawa haiwaki bila chaja, na chaja yenyewe ilishika tu ukiilalia upande mmoja na kuwekea kitabu chini yake.

Lakini kilichonitesa zaidi ni herufi A. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Jaribu kuandika Kiswahili bila A uone kama utamaliza hata salamu. A yangu ilikubali kutokea pale tu nilipoigonga kwa nguvu, na walimu wenzangu walijua naibu anatunga mtihani kwa kusikia kidole changu kutoka upande wa pili wa ukuta. Waliiita laptop yangu tofali. "Naibu, tofali limeamka?" waliniuliza asubuhi, nami nilicheka pamoja nao. Ndani sikuwa nacheka.

Kilichonifanya niamue kuachana nayo ni mafunzo ya manaibu yaliyofanyika mjini Wote. Tulikuwa tumetoka shule mbalimbali za Kitui na Makueni, na kila mmoja alitakiwa kuonyesha jinsi shule yake inavyoweka rekodi za wanafunzi. Msimamizi alikuwa afisa wa mradi wa kompyuta shuleni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Zamu yangu ilipofika, nilipanda mbele na tofali langu, nikaliunganisha na projekta, nikaweka kitabu chini ya chaja. Ukutani pakatokea duara linalozunguka. Likazunguka. Nikasimulia hali ya hewa ya Kitui ili kupitisha muda. Duara likaendelea kuzunguka, feni ikaanza kuvuma kama posho mill ya kusaga mahindi, kisha ukuta mzima ukawa mweusi.

Naibu mmoja aliyekaa mstari wa mbele akasema, bila hata kunuia ubaya, "Mwalimu, hiyo ungepeleka makumbusho."

Ukumbi ukacheka. Afisa akaniambia kwa upole, "Usijali mwalimu, tutarudi kwako baada ya chai." Hawakurudi kwangu, nami nilishukuru. Chai yenyewe niliinywa nimesimama pembeni, laptop nikiwa nimeikumbatia kifuani huku ule ukanda wa tyubu ukining'inia, na nikaapa kwamba mwezi usingeisha kabla sijanunua mpya.

Mke wangu ndiye aliyesema nimuulize dada kwanza.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka mitano. Ni fundi wa simu na kompyuta. Kibanda chake kiko kwenye njiapanda, pale barabara ya Mombasa inapoachana na njia ya kupanda Kilungu, kati ya mama anayeuza maparachichi na kijana wa kuziba pancha. Alianza kwa kuchajia watu simu kwa sola, wakati umeme ulikuwa haujapanda milimani kwetu. Kisha mfanyabiashara mmoja kutoka Garissa, aliyekuwa na duka la simu Emali, akamruhusu kukaa mlangoni pake na kutazama mafundi wake wakifanya kazi. Alitazama karibu mwaka mzima. Siku moja fundi mmoja hakuja, naye akaketi kwenye kiti chake. Hivyo ndivyo alivyosoma.

Nilimpigia simu. Akaniuliza maswali matatu au manne, kisha akasema, "Usinunue kitu. Niletee niione."

Jumamosi moja nikasafiri. Nilipanga kumwachia laptop, nipande mlima kumwona mama yetu, nilale huko, nirudi Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimemnunulia mama sukari, mkate na mafuta ya kupikia, kwenye mfuko mmoja mkubwa.

"Mwana wa mwaitu!" dada akaniita aliponiona nikivuka barabara. Ndivyo amekuwa akiniita tangu utotoni, kwa Kikamba chetu, yaani mtoto wa mama yangu. Akanifutia benchi kwa upande wa aproni yake. Hakunikaribisha maji wala chai kwanza. Alichukua laptop, akaigeuza, akaanza kufungua skrubu na kuzipanga kwenye trei ya mayai aliyonipa niishike magotini, kila moja shimo lake.

Alipoinua kifuniko cha chini, alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Nani amekuwa akiifungua hii?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu niinunue."

Akanionyesha. Chaki ya darasani na udongo mwekundu wa Kitui vilikuwa vimeshikana juu ya feni vikawa kitu kimoja, kama kipande cha blanketi. Alikinyofoa kwa kibano, akakipuliza nje, halafu akaingia ndani na mswaki wa zamani, polepole, kama mtu anayesafisha sikio la mtoto.

"Haipumui," alisema. "Ndiyo maana inapiga kelele kisha inajizima. Na diski yako bado ni ile ya kuzunguka. Nikuwekee ile mpya isiyozunguka, nikuongezee memori, nibadilishe betri na kibodi, hutaitambua. Mashine yenyewe ni nzima kabisa."

"Lakini imezeeka."

"Imezeeka, ndiyo. Haijafa lakini."

Nilihisi hasira kidogo, hasira ya kijinga. Nilikuwa nimekuja nikitarajia aniambie imekufa. Nilitaka ruhusa. Nilikuwa nimeshaona laptop niliyoitaka katika duka moja mjini Kitui, nyembamba, rangi ya fedha, na nilikuwa nimeshajiona nikiifungua mbele ya watu. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu aliweka mswaki chini.

"Sikiza. Ukitaka mpya, nunua. Ni haki yako. Ila nunua kwa sababu unaitaka, usije ukasema ni kwa sababu hii ilikufa."

Wakati huo huo gari jeupe liliegesha mbele ya kibanda. Mlango ukafunguka, akashuka yule afisa wa Wote.

"Mwalimu! Ni wewe?"

Nilisimama haraka na kuiweka ile trei chini, kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake. "Madam! Karibu."

"Umefuata nini huku?"

"Napita tu, Madam. Naenda kumwona mama huko juu Kilungu. Nikaona nisimame hapa, nijue kama ile laptop inaweza kusaidika."

Akatabasamu, naye akaikumbuka. Akatoa simu mkobani. "Nami hii yangu imekataa kuchaji tangu Mtito Andei. Nimeona kibao nikasimama. Huyu fundi ni mzuri?"

Swali lilikuwa hilo tu. Ningeweza kusema ni mzuri sana. Ningeweza kusema ni dada yangu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sijui, Madam. Simjui. Nimeelekezwa tu na watu wa stendi."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama namjua.

Dada alikuwa ameinama juu ya meza. Bisibisi ikasimama mkononi mwake, kwa muda wa pumzi moja hivi, kisha ikaendelea kuzunguka. Hakuinua macho. Nilimtazama wakati huo kama vile afisa alivyokuwa akimtazama: mwanamke mwenye kitambaa kichwani, aproni yenye madoa, vidole viwili vyenye alama za kuungua, kandambili miguuni. Nilijua kwamba hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaona kabla ya kufungua mdomo.

Maneno yale yalikuja kwa urahisi, na ninajua yalikotoka. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, dada yangu alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja dada alisimamishwa mbele ya ushirika mzima, akiwa amevaa sweta ya mama kuficha tumbo, habari zake zikasomwa, akaombewa, akaambiwa akakae nyuma. Hakwenda nyuma. Alikuja kwenye benchi letu, mahali alipokuwa akikaa siku zote, karibu nami. Nami nikasogea. Nilisogea mpaka nikamgusa mtu wa upande wa pili, ili pawe na nafasi kati yetu. Mama aliniona. Dada pia aliniona. Hakuna aliyewahi kulisema.

"Karibu, Madam," dada akamwambia afisa kwa sauti yake ya kazini. Akaipokea simu, akaiangalia chini ya taa, akachukua sindano, akachokoa tundu la chaja na kutoa kijitonge cha uzi na vumbi. Akachomeka waya. Simu ikawaka.

"Ni uchafu wa mkobani tu. Sikutozi kitu."

Afisa alishangaa waziwazi. "Fundi mwingine angeniambia ninunue simu nyingine."

"Wapo," dada akasema.

"Na hii ya mwalimu? Ni ya kutupa?"

"Hii inapona."

Wakaanza kuzungumza. Afisa alikuwa na shule nyingi zenye kompyuta nzee zilizorundikwa stoo, na hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli kuhusu zipi za kurekebisha na zipi za kubadilisha, maana kila muuzaji aliyemuuliza alimwambia zote zimekufa. Akachukua namba ya dada. Mimi nilisimama kati yao kama mgeni, na kwa kweli nilikuwa nimejifanya mgeni.

Kisha dada akavuta kitabu cha risiti. "Mteja, hii unaiacha?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anasema nami. "Naiacha."

"Jina?"

Afisa alikuwa amesimama hapo hapo. Nikataja jina langu la kwanza, lile ambalo dada ndiye aliyenifundisha kuliandika, kwa kijiti, uwanjani kwetu. Akaandika.

"La pili?"

Nikataja jina la baba yetu. Naye akaliandika herufi moja moja, kama mtu asiyewahi kulisikia, akachana karatasi, akanipa.

Afisa alikuwa akielekea Machakos. Akaniuliza kama nataka lifti. Nilikuwa nimemwambia dakika chache tu zilizopita kwamba naenda Kilungu kwa mama. Lakini kubaki pale, peke yangu na dada, kulinishinda. Nikasema nimekumbuka jambo la haraka Kitui, na nikapanda gari. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona dada akiokota ile trei ya mayai chini.

Mfuko wa mama niliusahau kwenye benchi.

Jioni hiyo mama alinipigia simu. "Asante kwa sukari, mwanangu. Na mkate. Dada yako amepanda nao hadi hapa. Amesema ulifika vizuri ila ukaitwa shuleni ghafla, mtoto ameumia. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mama," nikasema.

Jumatatu nilinunua laptop mpya. Sitasema ilikuwa mbovu, haikuwa. Ilikuwa nyembamba na ya rangi ya fedha kama nilivyoitaka, ilikaa na chaji siku nzima, na A yake ilikubali kwa kuguswa tu. Walimu waliizunguka, wakaipapasa, mmoja akaomba tofali apewe alitumie kuzuia mlango. Niliwaambia nimeliacha kwa fundi, limekufa. Nilitumia neno hilo hilo.

Lakini kazi zangu zote zilikuwa ndani ya ile ya zamani. Mitihani ya miaka yote, alama za wanafunzi, insha nilizozikusanya, hotuba niliyoisoma tulipomzika baba. Nilizihitaji kila siku na kila siku niliahirisha kumpigia dada. Wiki ya tatu nikapata ujumbe kwamba kuna kifurushi changu kwenye ofisi ya magari mjini. Kilikuwa kimefungwa kwa kartoni na gazeti, vizuri sana, kona zote zimewekewa sponji. Laptop ilikuwa imesafishwa. Bawaba mpya, betri mpya, kibodi mpya. Nilipobonyeza kuwasha, iliwaka kabla sijavuta kiti. Kila kitu changu kilikuwamo. Ndani ya kifuniko aliweka risiti yenye majina yangu yote mawili, na chini ameandika "Imelipwa", ilhali sikuwa nimelipa chochote.

Nilimwandikia ujumbe: "Imefika. Asante sana."

Akajibu: "Karibu tena, mteja."

Niliifungia kwenye droo ya kabati la ofisi. Sikuweza kuitumia na sikuweza kuiuza. Nilimtumia pesa za vifaa, zikarudi siku hiyo hiyo.

Muhula wa tatu ulipoanza, mwalimu mkuu alitutangazia kwamba mradi wa kompyuta utatuma watu kukagua mashine zetu kuukuu, zile tulizopewa msaada zamani na ambazo nyingi zilikuwa zimefunikwa magunia stoo. Wangetuambia zipi zitaongezewa vifaa na zipi zitabadilishwa. Siku ilipofika nilikuwa langoni na mwalimu mkuu. Gari jeupe likaingia. Afisa akashuka upande mmoja, na upande wa pili akashuka dada yangu, amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, mkoba wa vifaa begani.

Alikuwa anajua anakuja shuleni kwangu. Hakuwa ameniambia.

"Huyu ndiye fundi wetu," afisa akasema.

"Karibu sana, mama fundi," mwalimu mkuu akasema. "Na huyu ni naibu wangu."

Dada akanyoosha mkono. "Nafurahi kukufahamu, mwalimu."

Alinifungulia mlango wa kuendelea kujificha, na nikapita. Niliushika mkono wake, mkono wenye zile alama za kuungua, nikasema, "Karibu shuleni kwetu." Nilisema hivyo kwa dada yangu. Mara ya kwanza ningeweza kujitetea kwamba nilishtushwa. Mara hii nilikuwa na muda wote.

Alifanya kazi asubuhi nzima kwenye maabara. Alizipanga mashine juu ya meza, akazifungua moja baada ya nyingine, na kwenye kila meza akaandika kwa chaki alama ya sahihi au ya kosa. Walimu waliokuwa hawana kipindi walikuja kutazama. Aliwaeleza bila kujivuna kwa nini hii memori inatosha kuifufua, na kwa nini ile, hata ikiwekewa nini, itakuwa kupoteza vifaa. Mmoja wao, yule aliyetaka tofali azuie mlango, akasema, "Mama fundi, ungeiona laptop ya naibu wetu ungelia. Ilikuwa na kamba."

Wote wakacheka. Dada akatabasamu akiwa ameinama. "Akaifanyia nini?"

"Ilikufa. Akanunua mpya."

Nilikuwa mlangoni. Alijua nipo. Akakaza skrubu moja hadi mwisho, kisha akasema, "Mpya nayo ni nzuri."

Saa ya chai tulikaa chumba cha walimu, yeye na afisa wakiwa wamepewa viti vya mbele. Kulikuwa na chapati. Mwalimu mkuu alimsifu, akauliza alikosomea, naye akajibu, "Mlangoni pa watu." Wakadhani ni mzaha. Sikuweza tena. Ningependa kusema nilipata ujasiri, lakini ukweli ni kwamba nilichoka kufichwa naye. Nilikuwa na chapati mdomoni, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Huyu ni dada yangu."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. "Amina. Mnaabudu pamoja?"

"Hapana. Ni dada wa tumbo moja. Wa mama yangu na baba yangu."

Mwalimu mkuu akanitazama, akamtazama dada, akanitazama tena. "Lakini asubuhi mmesalimiana kama wageni."

"Ndiyo."

Alingoja niendelee. Uso ulikuwa ukiniwaka, na nilimwona yule mwalimu wa mzaha akiangalia viatu vyake. Ni dada aliyetuokoa, kama kawaida yake.

"Ni kweli," alisema. "Huyu ndiye kitinda mimba wetu. Nimembeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito." Akamalizia chai yake, akasimama. "Zimebaki mashine sita. Wacha nizimalize kabla jua halijawa kali."

Kwenye ubaraza afisa alinisubiri. Nilitaka kumweleza, nikaanza kwa kusema samahani, akanizuia kwa mkono.

"Nilijua siku ile ile, mwalimu. Mnafanana mdomo. Halafu ulipotaja jina lako la pili nikainua macho, na nikaliona limeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa kibanda."

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Jina la baba, kwa herufi kubwa za kijani, dada aliliandikisha mwaka alipofungua. Nilisimama chini yake nikamwambia mtu kwamba simjui.

"Mbona hukusema kitu, Madam?"

"Nilidhani labda mna ugomvi wa nyumbani. Si kazi yangu. Baadaye nikamuuliza yeye. Akasema hapana ugomvi wowote, ila wewe una haya. Alisema hivyo tu."

Dada alikataa kurudi na gari la mradi, kwa sababu afisa alikuwa na shule nyingine upande wa Mutomo. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nitamsindikiza hadi stendi. Nilimpokonya mkoba wa vifaa nikaubeba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Tulitembea njia nzima ya vumbi, karibu nusu saa.

"Nisamehe," nikasema mwishowe.

"Kwa lipi?"

"Kwa siku ile pale kwako. Na kwa asubuhi ya leo."

"Leo nilikuwa kazini. Hiyo iache." Alitembea hatua kadhaa. "Na siku ile, wacha nikuambie, sikuumia vile unavyofikiri. Nilikuwa nimezoea. Kwenye arusi yako nilikaa na wapishi siku nzima. Ulikuja mara moja, na suti yako, ukaniambia niangalie wali usiungue. Picha ya familia ikapigwa nikiwa jikoni."

Nilisimama. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwetu. Nimeitazama miaka yote bila kuona kwamba amekosekana.

"Nilidhani ulipenda kusaidia."

"Nilipenda. Lakini hakuna aliyekuja kuniita."

Akaendelea kutembea, nikamfuata.

"Kilichoniuma ni mama," akasema. "Alikuwa amekufulia shuka. Alikuwa ameweka sufuria ya muthokoi jikoni tangu asubuhi, kwa ajili yako. Nikapanda ule mlima na mfuko wako, nikaanza kumdanganya mtu mzima hivyo, eti mtoto ameumia shuleni. Mimi siku hizi sipendi uongo. Umenifanya niseme uongo kwa mama, na nikausema vizuri."

Stendi ilikuwa na gari moja linalongoja watu wawili. Akauchukua mkoba wake begani mwangu. Nilitaka anikumbatie au anitukane, lolote kati ya hayo. Akaniuliza kama watoto wangu hawajambo, nikamwambia hawajambo, akaingia akakaa karibu na dirisha. Gari lilipoondoka alipunga mkono, kama anavyompungia mtu yeyote.

Wiki iliyofuata nilipanda Kilungu. Nilimweleza mama yote, tangu benchi la kanisani. Alisikiliza akichambua maharagwe, na nilipomaliza akasema kwamba la benchi alikuwa akilingoja kwa muda mrefu. Hakuniambia ni sawa. Alinipa ungo nimsaidie kuchambua.

Kompyuta kumi na moja za shule yetu zilipona, nne zikabadilishwa. Laptop ya rangi ya fedha nilimwachia katibu wa mitihani, maana ofisi yake ndiyo yenye kazi nyingi kuliko yangu. Ile ya zamani niliitoa kwenye droo na ndiyo ninayotumia kuandika haya. Mtu akiniuliza ni nani aliyeitengeneza ninamwambia, na nimegundua kwamba nikisema bado shingo yangu hupata joto, si kwa sababu yake sasa, bali kwa sababu yangu.

Dada amefungua chumba cha pili Wote, kwa ajili ya kazi za mradi. Mimi humpigia kila Jumapili baada ya ibada. Wakati mwingine hupokea, tukaongea juu ya mama na magoti yake. Wakati mwingine hapokei. Jumapili iliyopita hakupokea, nikapiga mara mbili nikaacha. Jumatatu mchana aliniandikia kwamba alikuwa Mtito Andei akitengeneza kompyuta za nyumba ya wageni, simu ilikuwa mbali, na kwamba Kilungu mvua imeanza na mama ameshapanda mahindi ya upande wa juu. Nilimjibu kwamba hapa Kitui bado.